Nchi ya Kwaniaba na Mtoto Aliyelowa

Anayetaka kujua nilipitia njia gani kufika Kwaniaba atafute mwandishi mwingine. Wako wengi watakaomsimulia milima, mito na malengelenge ya miguu. Mimi nilikwenda, nikafika, nikakaa, na niliyoyaona huko yana haraka ya kusemwa.

Mtu wa kwanza niliyekutana naye ndani ya mpaka ni mwanamume wa makamo aliyevaa suruali nzuri iliyoshonewa viraka vya ngozi magotini. Alikuwa anatambaa kandokando ya barabara. Nikadhani ameangusha kitu, nikainama kumsaidia kutafuta.

"Usinizibie njia, kaka," alisema bila kuinua kichwa. "Nipo kazini."

"Kazi gani?"

"Natambaa. Kuna mtoto wa miezi minane nyumba ile yenye bati jekundu. Leo ndiyo siku yake ya kulifikia jamvi."

Nikaitazama nyumba ile. Mtoto mwenyewe alikuwa barazani, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa mama yake, miguu inapiga hewa kama anaogelea. Macho yake hayakumbanduka yule mtambazi. Sijawahi kuona wivu wa wazi namna ile katika uso wa binadamu asiye na meno.

Naomba nisieleweke vibaya. Walioiasisi Kwaniaba hawakuwa wajinga, wala hawakuwachukia watoto. Walikuwa watu wa kusoma. Walisoma kwamba mtoto hukua kwa kutambaa, kwa kuanguka na kuinuka, kwa kuuliza maswali yasiyokwisha, kwa kucheza, kwa kukosea, na akishafika umri wa kuota chunusi, kwa kununa. Wakayakubali yote kwa heshima kubwa. Kisha mmoja wao akasimama, na maneno yake yamechongwa juu ya lango la bunge lao: jambo kubwa namna hii, lililobeba mustakabali wa taifa, haliwezi kuachwa mikononi mwa watoto.

Basi likachukuliwa na watu wazima. Kwa niaba ya kila mtoto wa Kwaniaba yupo afisa anayetambaa, afisa anayeanguka, afisa anayelowa mvua na afisa anayeuliza kwa nini. Watoto wenyewe hukaa kwenye mabenchi, mikono magotini, wakitazama makuzi yao yakifanywa na wenye ujuzi.

Kwa kuwa nilijiandikisha mpakani kama mtunzi wa mashairi, nilipelekwa kulala kwenye Chuo cha Ualimu wa Shule za Msingi, maana walikuwa wanatafuta mtu wa kuwakagulia nyimbo za michezo. Jambo hilo sikuliona la ajabu. Mashairi nimejifunza mwenyewe, bila mwalimu wala darasa, na nilikuwa tayari kuwakagulia watu wa nchi yoyote. Mkuu wa chuo akanikabidhi kwa mwanachuo wa muhula wa mwisho, Kidawa binti Seremala, anitembeze.

Kidawa alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa kucheka, mwenye tabia ya kuokota vitu njiani. Kifuniko cha chupa, kokoto bapa, unyoya wa kanga: vyote viliishia mfukoni.

"Vya nini hivyo?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Sijui bado," akajibu. "Usiniulize mbele za watu."

Alinipeleka kwanza kwenye uwanja wa chuo, ambako wanachuo walikuwa wakifanya mazoezi ya kuruka kamba. Watu wazima, wanaume kwa wanawake, walijipanga kwa kimo wakiruka kwa filimbi. Pembeni walikaa watoto wa darasa la kwanza, kimya, wamepangwa kama vikombe kabatini. Warukaji waliimba:

*Tunaruka kwa ajili*
*Ya watoto wa taifa;*
*Tukianguka kwa kweli,*
*Wao ndio wenye sifa.*

Nikaombwa kutoa maoni. Nilihesabu mizani, nane kila mstari. Nikapima vina, vikatoshana. Nilitafuta kosa nisilipate, nikakasirika, maana wimbo ule haukuwa na kosa lolote na bado ulikuwa maiti. Nikawaambia hivyo. Mkufunzi akaandika kwamba mgeni ameridhishwa na mizani.

Siku ya pili tukaenda Idara ya Balehe. Jengo lake refu lina vyumba vingi na milango mizito. Tulipokaribia, mlango mmoja ulibamizwa hata chokaa ikadondoka, na sauti nzito ya mzee ikanguruma kutoka ndani: "Niacheni! Hakuna anayenielewa katika nyumba hii!"

"Huyo ni Mzee Makame," alisema Kidawa kwa sauti ya chini. "Fundi sana. Ananuna kwa niaba ya kijana wa miaka kumi na minne wa mtaa wa pili. Kijana kaota chunusi leo asubuhi."

"Na kijana yuko wapi?"

Akanionyesha dirishani. Kijana alikuwa ameketi ua wa ndani, nywele zimechanwa, mgongo umenyooka, kitabu mapajani. Mlango ulipobamizwa tena, kona ya mdomo wake ikacheza kidogo, kama mtu aliyenusa chakula cha jirani.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha kamati. Mabwana wenye miwani walikuwa wakiandika barua ya kwanza ya mapenzi kwa niaba ya mvulana wa darasa la saba, na kamati nyingine ng'ambo ya ukumbi ilikuwa ikiandaa jibu kwa niaba ya msichana.

"Mmefikia wapi?" nilimuuliza katibu.

"Tumekubaliana kwamba wametazamana," alinijibu kwa uzito unaostahili. "Suala la kutabasamu limepelekwa kwenye kamati ndogo."

Nilicheka hata nikashika ukuta. Kidawa naye alicheka, kisha akanyamaza ghafla, tukatoka. Tulipokuwa tunakunywa maji ya ndimu kwenye baraza ya chuo ndipo aliponieleza yaliyokuwa yakimnyamazisha.

Alhamisi ile alikuwa na mtihani wake wa vitendo mbele ya Bodi ya Makuzi. Akifaulu, angepewa leseni na darasa. Akishindwa, sheria ilikuwa wazi: mwanachuo aliyeshindwa hupelekwa Idara ya Kutambaa mpaka astaafu. Dada yake alikuwa huko tayari.

"Magoti yake ukiyaona," alisema, "utadhani ya ngamia."

"Basi faulu," nikamwambia. "Unaruka kamba kuliko wote. Nimekuona."

"Kuruka najua. Tatizo ni watoto."

"Watoto wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu, kaka mgeni! Hilo ndilo tatizo." Akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Nimekaa nao muhula mzima kama msaidizi. Kuna kitoto kimoja, Siwema, cha miaka sita. Siku moja nilikiacha jikoni kwa dakika chache. Niliporudi kilikuwa kimetoa vifuniko vyote vya sufuria, kinavipanga kikubwa chini, kidogo juu. Vikaanguka. Kikapanga tena. Vikaanguka. Ulimi nje, jasho puani. Hakikuwa kinacheza ovyo. Kilikuwa na shughuli kuliko bunge zima."

"Ukafanyaje?"

"Sikuita afisa. Nilikaa chini nikatazama." Alisema kama mtu anayeungama wizi. "Na tangu siku hiyo kila nikisimama mbele yao kuwachezea, naona aibu. Ni kama kula chakula mbele ya mtu mwenye njaa, halafu kumwambia ashukuru kwa kuwa umeshiba kwa niaba yake."

Mimi si mtu wa maneno laini. Nilimwambia kwamba nchi yake imerukwa na akili, kwamba Alhamisi asimame awaeleze wote, na kwamba niko tayari kumtungia utenzi wa kuwachapa usoni. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na utenzi wako nitausoma mimi," aliuliza, "au utanisomea wewe kwa niaba yangu?"

Nikanywa maji yangu ya ndimu.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mbele, watoto kwenye mabenchi. Nyuma, wazazi na wakufunzi. Juu ya jukwaa walikaa Bodi ya Makuzi, wajumbe saba wenye majoho ya rangi ya samli. Wawili kati yao lazima niwatambulishe. Mwenyekiti, Mheshimiwa Mfaume Tindwa, alikuwa mzee wa miaka sitini na miwili, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na viganja laini kuliko vyote nilivyowahi kuvishika. Kulia kwake alikaa Bi Nunuu, Muulizaji Mkuu wa Taifa, mwanamke mwembamba ambaye kwa miaka mingi ameuliza maswali yote ya watoto wa Kwaniaba, moja baada ya jingine, kwa utaratibu wa mtaala.

Kidawa aliangukiwa na zoezi la maji. Utaratibu wake ni huu. Mwalimu ana vikombe viwili vinavyolingana, vyenye maji yanayolingana. Anamimina kikombe kimoja kwenye bilauri ndefu nyembamba. Bi Nunuu anauliza: "Maji mengi yako wapi?" Mjumbe wa majibu anafungua mtaala na kusoma: "Yako sawasawa." Watoto wanapiga makofi mara tatu. Somo limekwisha, akili ya taifa imekua.

Kidawa akamimina maji ya jagi kwenye vikombe viwili. Nilimwona vizuri kutoka nilipokaa, safu ya mbele upande wa wageni. Akashika kikombe kimoja amimine kwenye bilauri. Akasita. Akaangalia mabenchi.

"Siwema," aliita. "Njoo umimine wewe."

Mtoto wa kike mwenye nywele za mabutu mawili yaliyosimama akainuka taratibu, akajielekeza kidole kifuani: mimi?

"Bibiye!" Mwenyekiti alinyanyuka nusu kiti. "Mtoto atalowa!"

"Atalowa, Mheshimiwa."

"Afisa wa Kulowa yuko wapi?"

"Yuko likizo, Mheshimiwa," ilisema sauti kutoka nyuma. "Kapatwa na mafua."

Siwema alikuwa ameshafika mezani. Akakamata kikombe kwa mikono yote miwili, akatoa ulimi nje, akamimina. Maji mengine yaliingia kwenye bilauri, mengine yakamwingia kwenye mkono wa gauni. Akashusha pumzi, akapiga kelele ya furaha, kali kama filimbi. Kwenye mabenchi watoto wengine wakasimama bila kuamriwa.

"Mimina tena, taratibu," alisema Kidawa, akajaza upya vikombe vyote viwili mpaka vikalingana. "Haya. Vikombe hivi vina maji sawa?"

"Sawa," alisema Siwema baada ya kuinama akavikagua kwa jicho moja.

"Mimina hiki kwenye bilauri." Akamimina, safari hii bila kumwaga tone. "Sasa mengi yako wapi?"

Bi Nunuu alishtuka kusikia swali lake mdomoni mwa mwingine. Lakini mtoto alishajibu.

"Haya hapa!" Akaipiga bilauri ndefu kwa kidole. "Haya mengi."

"Kwa nini?"

"Si yako juu! Huyaoni?"

Minong'ono ikaanza nyuma, ikapanda ikawa kelele. Katika historia yote ya Kwaniaba hakuna mtoto aliyewahi kusikika akitoa jibu lenye kosa, kwa sababu hakuna aliyewahi kujibu. Mjumbe wa majibu alifungua mtaala kwa haraka, akapitisha kidole. "Yako sawasawa," alisoma. "Jibu ni sawasawa."

"Umesikia, mtoto?" alisema Mwenyekiti. "Yako sawasawa."

Siwema akamtazama kwa huruma. "Kwa nini?"

Mwenyekiti akamgeukia mjumbe wa majibu. Mjumbe akageuza ukurasa, akageuza na wa pili. "Sababu haikuandikwa, Mheshimiwa."

"Mwambie basi wewe, Bi Nunuu."

"Kazi yangu ni kuuliza," alisema Bi Nunuu.

Mwenyekiti akavaa miwani, akashuka jukwaani, akaisogelea meza. Akaitazama bilauri. Akakitazama kikombe. Akainama mpaka pua ikawa usawa wa maji. Wote tulimngoja aeleze. Badala yake alisema, polepole, kama mtu anayeongea peke yake:

"Lakini... kweli yako juu."

"Mheshimiwa!" Bi Nunuu alipaza sauti.

"Bi Nunuu, nina macho! Njoo uangalie mwenyewe!"

Hapo ndipo nilipoielewa nchi ile mpaka chini. Mzee huyu naye alikuwa mtoto wa Kwaniaba. Miaka hamsini na kitu iliyopita aliketi kwenye benchi, mikono magotini, mtu mwingine akimimina maji kwa niaba yake. Alipanda vyeo vyote mpaka uenyekiti akijua kwamba jibu ni sawasawa, wala hajawahi kushika bilauri akaona linatoka wapi. Wajumbe wakashuka mmoja mmoja, wakaizunguka meza. Muda si mrefu Bodi ilikuwa imegawanyika. Watatu walisema bilauri ina mengi. Wawili walisema kikombe, kwa kuwa ni kinene. Mjumbe wa majibu alikumbatia mtaala na kusema sawasawa, sawasawa, mpaka mwenzake akamwuliza kama ameona kwa macho au amesikia.

Mimi nilichemka. Jambo jepesi kiasi kile! Nilisimama, nikavuta pumzi niwaelimishe wote saba kwa sentensi moja. Kidawa akanifikia kabla sijafungua mdomo, akanivuta shati mpaka kifungo kikatoka.

"Kaa chini."

"Lakini hawajui kitu! Nawaambia tu..."

"Ukiwaambia utakuwa umejua kwa niaba yao," alinong'ona. "Kaa, nakuomba. Haya ni maisha yangu."

Nikakaa. Hakuna jambo gumu kwa mtu mwenye jibu kama kulikalia. Lakini nikikaa pale nilikumbuka jinsi mizani ilivyoniingia: kwa vidole, nikitembea, mistari yangu ikichechemea hadharani na watu wakicheka. Angekuja mtu kunitungia kwa niaba yangu, leo ningekuwa najua wimbo mmoja usio na kosa. Nikakunja mikono. Nikatazama.

"Nipe hilo jagi," Mwenyekiti alisema.

"Subiri zamu yako," alijibu Siwema.

Na nashuhudia kwamba Mheshimiwa Mfaume Tindwa, ambaye mawaziri husimama akipita, alisimama nyuma ya mtoto wa miaka sita akasubiri zamu yake. Alisubiri vibaya. Alihema, akachungulia, akauliza kama bado. Zamu ilipofika alilikamata jagi na kulikumbatia kwenye joho lake, na mjumbe mwingine aliponyoosha mkono, akaugonga.

"Langu!"

"Mheshimiwa, ni la Bodi..."

"Nimesema langu!"

Watoto walianguka kwa kicheko. Mwenyekiti hakusikia. Alimimina kwenye bilauri, nusu mezani, robo viatuni. Akayarudisha maji kwenye kikombe. Akatazama mahali maji yalipofika. Akamimina tena kwenye bilauri, yakapanda. Akarudisha kikombeni, yakashuka, palepale. Akafanya hivyo mara nyingi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, kama Siwema kabisa. Bi Nunuu alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa meza, kidevu juu ya mikono.

"Kwa nini hayabaki mengi?" aliuliza. Kisha akaweka kiganja kwenye koo lake. Nadhani lilikuwa swali lake la kwanza, baada ya hayo yote aliyouliza.

Ghafla mzee akaachia mguno, ukawa kicheko, kicheko kikawa kelele.

"Hayajaongezeka! Nunuu, hayajaongezeka! Yamesimama tu! Kikombeni yamekaa, humu yamesimama!" Akamnyanyua mjumbe wa majibu pamoja na mtaala wake. "Yako sawasawa! Sikia, ni kweli, yako sawasawa!"

"Ndivyo nilivyosoma," alisema mjumbe yule akiwa hewani.

Ukumbi ulipiga makofi, si mara tatu, bali hovyo hovyo, kila mtu na lake. Mwenyekiti, joho linachuruzika, akamwinamia Siwema. "Umeona, mwanangu? Yako sawasawa."

Siwema akaiangalia bilauri kwa makini, bila haraka.

"Haya mengi," alisema.

"Hapana, tazama. Namimina... yanarudi... umeona?"

"Nimeona."

"Kwa hiyo?"

"Haya mengi."

Alimimina tena. Alimwonyesha mbele, nyuma, akaeleza kwa sauti ya juu, akaeleza kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa na adabu zote, alitazama kila alipoambiwa atazame, na hakubadilika hata kidogo. Mwisho mzee alimgeukia Kidawa kwa kukata tamaa. "Mwambie wewe, bibiye!"

"Nitamwambia nini, Mheshimiwa? Hajakosea. Hilo ndilo jibu la miaka sita. Ameangalia, amefikiri, ana sababu yake." Nikajua anataka kusema jambo ambalo angetamani kulimeza, na nikajua hatalimeza. "Wewe umechukua miaka sitini na miwili. Yeye mpe hata mwaka mmoja."

Makofi yakafa. Shingo ya mzee ilivimba kwenye ukosi wa joho. Bi Nunuu alisimama, akajifuta magoti, na sheria ikamrudia mdomoni. "Mwanachuo amemwacha mtoto afanye kwa mkono wake," alisema, bila furaha. "Kifungu kinasema ameshindwa. Idara ya Kutambaa, Mheshimiwa."

Kidawa hakuinamisha kichwa. Alikuwa ameshika bega la Siwema lililolowa, na mimi nilikuwa nimeshika kiti changu kwa mikono miwili.

Mwenyekiti aliitazama meza. Maji yalikuwa yanadondoka ukingoni.

"Mwaka mmoja, umesema?" aliuliza hatimaye.

"Huenda usifike. Inategemea amemimina kiasi gani."

"Na akifika hapo, siku hiyo atakapoona..." Mzee alimtazama Siwema. "Atapiga kelele kama nilivyopiga mimi?"

"Wengine hupiga kelele. Wengine hunyamaza tu, wanaondoka wanakwenda kucheza kitu kingine. Lazima awepo mtu wa kumwona."

"Awepo afanye nini?"

"Akae," alisema Kidawa. "Avipange vyombo mahali mtoto anapovifikia. Aulize kwa nini. Afute sakafu."

Mwenyekiti akamtazama Bi Nunuu, ambaye alikuwa ameshachukua bilauri tena na kuigeuza kwenye mwanga. Akautazama umati. Kisha akaufikia muhuri wa Bodi, akaugonga kwenye leseni kwa mkono mbichi, wino ukasambaa ukurasa mzima.

"Basi kaa naye," alisema. "Na wenzake wote. Nitakuja Jumanne kuangalia." Akatafakari. "Nitakuja na bilauri yangu."

Kelele ya watoto iliondoa njiwa kwenye paa. Bi Nunuu alidai, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba kifungu kimevunjwa. Mwenyekiti akamjibu kwamba kifungu kiandikwe hivyo hivyo, kimevunjwa, na chini yake waandike nani alikivunja, kwa herufi kubwa.

Sitawadanganya kwamba Kwaniaba ilibadilika siku ile. Nilipoondoka, kamati ndogo ilikuwa bado inajadili tabasamu. Lakini asubuhi ya kuondoka nilipita darasani kwa Kidawa kumuaga, na sikukuta mtu kwenye mabenchi. Yalikuwa yamepinduliwa yakawa ngome. Watoto walikuwa uani, wamevimba kwa ugomvi mtamu, kwa kuwa walikuwa wanabuni mchezo na kila mmoja alikuwa na sheria zake. Hakuna aliyewafundisha mchezo wowote, kwa hiyo ilibidi waanze mwanzo kabisa, kama binadamu wa kwanza. Walikuwa wamefika kwenye mchezo wa kukimbizana, wenye duara, jiwe la nyumbani, na wimbo wa kuchagua nani awakimbize wenzake:

*Kibuyu kinavuja,*
*Maji yamwaga,*
*Nani kakaa?*
*Wewe!*

Mizani imevunjika mahali pawili na vina havipo. Waliniomba maoni. Sikuthubutu kugusa hata neno.

Kidawa alikuwa ameketi kwenye ngazi, hafanyi lolote, na alikuwa hoi kwa kazi hiyo.

"Unafundisha nini leo, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Nyamaza. Wanakaribia kugundua kwamba sheria lazima iwe moja kwa wote. Yule wa kaptura ya kijani amelia mara mbili, mara ya tatu ataelewa."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumuaga Siwema aliponidaka kidole na kuniingiza duarani. Wimbo ukaimbwa, nikaponea. Yule wa kaptura ya kijani akawa mkimbizaji. Nikakimbia. Nina miguu mirefu na nina heshima yangu, nikakimbia kwa vyote viwili. Nilikata kona ya tangi la maji, nikaruka benchi, jiwe la nyumbani likawa mbele yangu hatua moja.

"Nimekugusa!" alipiga kelele nyuma yangu.

"Hujanigusa!"

"Nimekugusa shati!"

"Shati si mtu!"

"Shati ni mtu!" waliitikia wote, na sheria ikapita palepale, bila kamati, bila muhuri. Nilimgeukia Kidawa aamue. Mwalimu alikuwa amejiinamia kwenye ngazi, mabega yanatikisika, hana sauti. Niliwaeleza watoto kwa hoja, nikawaeleza kwa ukali, nikawatolea mifano. Walinitazama kwa adabu zote, wala hawakubadilika hata kidogo. Nikatolewa, nikakaa kwenye benchi lililopinduliwa, nimenuna.

Yasemwe yote yatakayosemwa kuhusu safari yangu ya Kwaniaba. Sikuguswa.